Italia baada ya Pasaka, na bila kukimbizana

Noeli ikishapita, vipeperushi vya hija huanza kuzunguka parokiani. Hubandikwa mlangoni mwa kanisa, husambazwa kwenye makundi ya simu ya jumuiya ndogo ndogo, na Dominika moja au mbili husomwa katika matangazo baada ya Komunyo. Siku hizi vingi vinahusu Italia, na vingi vinafanana: siku kumi, miji minane. Roma, Assisi, Cascia, Siena, Firenze, Padova, Venezia, Milano. Chini yake pana picha ya Baba Mtakatifu akipunga mkono, namba ya simu ya wakala, na tarehe, ambayo mara nyingi ni Juma Kuu au mwezi Julai.

Sisi tunaoandika hapa tunapenda hija, na tunaamini kwamba Mkristo akijaliwa kupiga magoti mbele ya kaburi la Mtume Petro hasahau. Lakini tunaona vipeperushi hivi vinawatendea vibaya watu wetu. Anayelipa mara nyingi ni mwalimu mstaafu aliyetenga sehemu ya kiinua mgongo chake, au mama wa WAWATA aliyeweka akiba kwenye kikoba kwa miaka minne au mitano. Mtu wa namna hiyo hataenda Italia mara ya pili. Kumpeleka wakati mbaya na kumkimbiza kwenye miji minane ni kumpotezea fedha zake, hata kama wakala hakuiba senti moja.

Tuanze na wakati. Italia ina vipindi viwili ambavyo si joto kali wala baridi kali, na bei hazijapanda hadi kileleni: kuanzia baada ya Pasaka hadi mwisho wa Mei, na tena Septemba hadi Oktoba. Julai na Agosti joto la Roma hupita nyuzi 30, na foleni ya ukaguzi katika uwanja wa Mtakatifu Petro husimama juani. Katikati ya Agosti Waitalia wenyewe huenda likizo, na maduka na migahawa mingi hufungwa. Kuhusu Juma Kuu tunajua tunagusa kidonda, kwa sababu ndilo linalovutia wengi. Nani asingependa kuwa Roma siku ya Pasaka? Ila Roma ya Pasaka ni Roma ya umati. Vitanda ni ghali, tiketi za ndege ni ghali, na mwenye miaka 68 na magoti yanayouma ataiona Misa kupitia skrini kubwa akiwa mbali, baada ya kusimama saa kadhaa. Kisha kuna jambo ambalo wakala hawezi kulijua lakini paroko analijua: Juma Kuu ni la parokia. Wanakwaya, makatekista na viongozi wa jumuiya wakiwa angani siku ya Ijumaa Kuu, nyumbani nani anabaki?

Tukichukua mwaka 2027 kama mfano, Pasaka itakuwa 28 Machi na Pentekoste 16 Mei. Kati ya tarehe hizo zipo wiki saba za Kipindi cha Pasaka, na humo ndimo tungetafuta siku zetu. Si zote zinafaa sawasawa. Jumatatu ya Pasaka ni sikukuu, na Waitalia hutoka familia nzima kwenda kula nje ya mji. Tarehe 25 Aprili ni Siku ya Ukombozi, na 1 Mei ni Sikukuu ya Wafanyakazi kama kwetu. Siku hizo na zinazozizunguka, treni na miji midogo hujaa wenyeji. Assisi nayo ina sherehe yake ya Calendimaggio katika siku za kwanza za Mei, yenye mavazi ya kale na mashindano ya pande mbili za mji. Inapendeza, lakini si wakati wa kutafuta chumba huko. Kwa hiyo sisi tungeondoka Jumatatu 3 Mei jioni, tukae Roma hadi Jumatatu inayofuata, twende Assisi hadi Ijumaa 14, na Pentekoste itukute parokiani kwetu.

Mwezi Mei Roma mchana huwa na nyuzi 22 au 23. Jioni inataka sweta, na kule vilimani Umbria inataka sweta nzito zaidi. Mvua ipo, zaidi Aprili, kwa hiyo mwavuli mdogo usikosekane. Jua huzama kama saa mbili na robo usiku, jambo linalowashangaza watu wetu waliozoea giza la saa moja, na linalowapa muda mrefu wa kutembea bila haraka baada ya chakula. Saa zao wakati huo ziko nyuma ya zetu kwa saa moja tu, hivyo mwili hausumbuki na usingizi kama ilivyo kwa wanaovuka bahari kwenda Marekani.

Hapa wapo watakaotupinga, na wana haki. Mei kwetu ni masika. Mkulima wa Kilimanjaro au Kagera yuko shambani, palizi haimngoji, na kule nyanda za juu kusini watu wanakaribia kuvuna. Walimu wako darasani hadi Juni. Majira ya kuchipua ya Italia yanamfaa mstaafu, mfanyabiashara na mwajiriwa mwenye likizo, na yanamwacha nje yule ambaye huenda ametoa mchango mkubwa zaidi wa mahindi na ndizi kwa ajili ya seminari yetu. Hilo hatuwezi kulifunika. Parokia yenye wakulima wengi iangalie Septemba, ambayo hali yake ya hewa inakaribiana na ya Mei, badala ya kuburutwa na kalenda ya wakala. Ila isiufuate mwanzo wa Oktoba bila kufikiri, kwa sababu tarehe 4 Oktoba ni sikukuu ya Mtakatifu Fransisko, na Assisi inafurika. Mwaka 2026, ambapo inatimia miaka 800 tangu afariki jioni ya 3 Oktoba 1226, mji huo una wageni kuliko kawaida. Hiyo nayo ni sababu mojawapo ya sisi kuutaja mwaka 2027.

Sasa hesabu ya miji. Kutoka Roma hadi Milano au Venezia ni zaidi ya kilomita 500, umbali unaopita ule wa Dar es Salaam na Dodoma. Ukiweka miji minane ndani ya siku kumi, na siku mbili kati ya hizo ni za ndege, hujaji analala kitanda kipya karibu kila usiku. Anaamka saa kumi na moja, anafunga sanduku, anapanda basi, anashuka kwa dakika 40, anapiga picha, anapanda tena. Akirudi nyumbani anaulizwa Padova kulikuwaje, naye anakumbuka maegesho ya mabasi. Kuhusu Venezia tuseme wazi: ni mji mzuri mno, lakini tangu mwaka 2024 manispaa yake imeanza kutoza ada kwa wageni wa kutwa katika siku nyingi za majira ya kuchipua, kwa sababu wamezidi. Kwenda huko kwa saa tatu ni kujiunga na tatizo lenyewe.

Pendekezo letu ni vituo viwili tu, Roma na Assisi. Usiku sita kwa usiku minne.

Roma yenyewe haiishi kwa usiku sita. Yapo mabasilika makuu manne: Mtakatifu Petro, Mtakatifu Yohane wa Laterani, Mtakatifu Paulo nje ya Kuta na Bikira Maria Mkuu, ambamo Papa Fransisko alizikwa tarehe 26 Aprili 2025. Kuingia katika hayo yote ni bure. Tunalikazia hili kwa sababu tumeona vipeperushi vinavyoorodhesha "kiingilio cha Basilika la Mtakatifu Petro" kama huduma iliyolipiwa. Kinacholipiwa ni Makumbusho ya Vatikano, yaliyo na Kikanisa cha Sisto, pamoja na kupanda kubani. Makumbusho hayo hufungwa Dominika, isipokuwa ile ya mwisho wa mwezi ambapo kuingia ni bure na foleni haisemeki. Katekesi ya Jumatano ya Baba Mtakatifu nayo tiketi zake hazilipiwi. Zinaombwa katika ofisi ya Nyumba ya Kipapa, na kikundi kikiandika mapema hupata. Dominika saa sita mchana, katika Kipindi cha Pasaka, Baba Mtakatifu husali Malkia wa Mbingu dirishani badala ya Malaika wa Bwana. Hakuna tiketi wala kiti, unasimama tu uwanjani na watu wa mataifa yote, kisha unaenda kula. Kwetu sisi hiyo ni saa moja yenye thamani kuliko siku nzima ya basi kwenda Milano.

Lipo jambo jingine ambalo wakala wengi hawalitaji, pengine kwa sababu halina faida kwao. Chini ya Basilika la Mtakatifu Petro pana makaburi ya kale yaliyochimbuliwa kuanzia miaka ya 1940, na humo ndimo lilimo kaburi linaloheshimiwa kuwa la Mtume. Wanaoruhusiwa kushuka kwa siku ni wachache, kwa vikundi vidogo, na maombi hupelekwa moja kwa moja katika ofisi ya uchimbaji miezi kadhaa kabla. Kikundi cha watu 30 hugawanywa. Ni usumbufu kupanga, lakini mapadre na waseminari wetu wanaosoma Roma wanaweza kusaidia kuandika barua hiyo kwa Kiitaliano, na wengi wao wangefurahi kuona sura za nyumbani.

Siku moja katikati ya wiki ya Roma tungeipeleka Orvieto. Ni kama saa moja na kidogo kwa treni. Mji uko juu ya mwamba, na kutoka stesheni unapandishwa na kigari kinachovutwa kwa kamba. Katika kanisa kuu lake imehifadhiwa korporale inayohusishwa na muujiza wa Ekaristi wa Bolsena wa mwaka 1263. Mwaka uliofuata, 1264, Papa Urbano wa Nne, aliyekuwa akikaa Orvieto, alitangaza Sherehe ya Mwili na Damu ya Kristo kwa Kanisa lote. Watu wetu hutandika khanga na maua barabarani kwa ajili ya maandamano ya Ekaristi kila mwaka. Kuwafikisha hapo, wakajua tangazo la sherehe yao lilitokea wapi, kunafaa kuliko kuwapitisha mbele ya mnara wa Pisa.

Assisi tungeipa siku zilizobaki bila kuona uchungu. Treni inasimama bondeni, Santa Maria degli Angeli, penye basilika kubwa lililofunika kikanisa kidogo cha Porziuncola. Mji wenyewe uko juu mlimani na basi la abiria linapanda. Wakala wengi hufika saa nne asubuhi na kuondoka saa tisa alasiri, yaani wanakuwepo saa zilezile ambazo mabasi mengine yote yapo. Anayelala Assisi anapata mji mwingine kabisa. Mabasi yakishaondoka mitaa inatulia, unaweza kukaa ndani ya Basilika la Chini bila kusukumwa, na asubuhi na mapema unatelemka kwa miguu hadi San Damiano kati ya mizeituni. Katika Basilika la Juu, mwangalie dari: tarehe 26 Septemba 1997 tetemeko liliangusha sehemu yake na kuua watu wanne, wawili wao Wafransisko, na vipande vya michoro vilikusanywa na kurudishwa kimoja kimoja. Vijana watataka kwenda kwa Mtakatifu Carlo Acutis, aliyetangazwa mtakatifu 7 Septemba 2025 na ambaye kaburi lake liko katika mji huohuo. Wapelekwe. Ila wazee wapangiwe usafiri, kwa sababu Assisi ni mji wa ngazi na miteremko, na miguu ndiyo inayoamua nani anafurahia.

Kulala, tungetafuta nyumba za wageni zinazoendeshwa na watawa. Ziko nyingi Roma na Assisi. Vyumba ni vya kawaida, kifungua kinywa ni mkate, jamu na kahawa, na usiku lango hufungwa kwa saa maalumu, jambo ambalo kikundi cha parokia hakiwezi kulilalamikia. Bei yake kwa kawaida ni nafuu kuliko hoteli ya kiwango hichohicho, na mara nyingi pana kikanisa cha kuadhimishia Misa. Manispaa hutoza kodi ya wageni kwa kila mtu kwa kila usiku, ambayo hulipwa palepale. Iwekwe kwenye bajeti tangu mwanzo, watu wasije wakachangishwa tena mapokezini.

Mambo madogo tuyapitie haraka. Treni za kasi, tiketi ikinunuliwa mapema bei hushuka. Treni za mkoa bei ni ileile, lakini tiketi ya karatasi lazima igongwe kwenye mashine kabla ya kupanda, la sivyo ni faini. Makanisa ya miji midogo hufungwa mchana, kuanzia saa sita au sita na nusu hadi saa tisa. Mabega na magoti yafunikwe. Kitenge kimoja mkobani kinamaliza mjadala.

Viza haipitwi haraka. Italia imo katika nchi za Schengen. Ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na ukinyimwa hairudishwi. Inatakiwa bima ya safari isiyopungua euro 30,000, taarifa za benki, uthibitisho wa malazi na wa safari, na pasipoti itakayobaki hai angalau miezi mitatu baada ya kurudi. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Kwa wanaoondoka 3 Mei, maana yake ni kuanzia Novemba. Uamuzi kwa kawaida huchukua siku 15, lakini unaweza kufika 45, na kupata nafasi ya kuwasilisha maombi kunaweza kuchukua muda kuliko uamuzi wenyewe. Kikundi kinachotangaza safari mwezi Februari kwa ajili ya Pasaka ya Machi kinacheza bahati nasibu na fedha za watu. Na anayetaka kujua kwa nini mama asiye na akaunti ya benki hunyimwa mara nyingi, aangalie tena orodha ya nyaraka. Miaka mitano ya kikoba haionekani popote kwenye karatasi za ubalozi. Halmashauri ya parokia ingemsaidia kwa kumfungulia akaunti mapema na kuhamishia akiba yake humo mwaka mzima kabla, badala ya kumpa barua ya utambulisho wiki ya mwisho.

Tunajua pia kwamba hija haihitaji ndege. Kila tarehe 3 Juni Namugongo hupokea umati wa watu waliotembea kwa miguu siku nyingi, wengine wakivuka mipaka ya nchi, na hakuna wakala aliyewapangia. Asiyeweza Italia hakupungukiwa kitu mbele za Mungu. Lakini anayekwenda, na aende vizuri.

Linabaki suala la nauli ya padre. Katika vikundi vingi, wakifika idadi fulani ya wasafiri, padre anayewasindikiza huwekwa "bure". Bure hiyo hulipwa na mtu, na mtu huyo ni yule mama wa kikoba, kwa sababu gharama imegawanywa ndani ya bei ya kila mmoja. Hatusemi padre asiende; kikundi cha hija bila padre kina upungufu mkubwa, na waseminari wanaosoma hapa ndio watakaosindikiza vikundi hivyo baada ya miaka michache. Tunasema iandikwe. Kwenye karatasi ya bajeti pawe na mstari unaosema nauli ya padre ni kiasi gani, na kila hujaji anachangia kiasi gani, ili watu wakubali wakijua. Wengi watakubali kwa moyo. Fedha zote zikae kwenye akaunti yenye sahihi tatu, wala si kwenye simu ya mwenyekiti, na mkataba na wakala useme mapema nini kitarudishwa endapo viza itakataliwa. Na yule aliyenyimwa viza arudishiwe chake, isipokuwa ile ada na gharama zilizotajwa kwenye mkataba, kabla ndege ya wenzake haijaondoka.